Sukari inayozuia homa ya ndege kuenea kwa binadamu

TANGU mwaka wa 2003, zaidi ya watu 900 duniani wamethibitishwa kuambukizwa virusi vya homa ya ndege aina ya H5N1, na takriban nusu yao wakafariki. Hata hivyo, virusi hivyo havijamudu kuenea kwa wepesi kutoka kwa mtu hadi mwingine. Mojawapo ya sababu kuu ni sukari iitwayo asidi sialiki.

Sukari hii ilitambuliwa mwaka wa 1936 na mwanasayansi wa Uswidi, Gunnar Blix, katika ute wa tezi za mate za ng'ombe. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mate.

Glukosi ina atomu sita za kaboni. Asidi sialiki ina tisa. Hukaa kwenye ncha ya minyororo ya sukari inayofunika seli, na hubeba chaji hasi. Kwa kuwa chaji za namna moja husukumana, chembechembe nyekundu za damu haziganandani zipitapo mishipani. Aidha, sukari hii ni kitambulisho: askari wa kinga wakiikuta, hutambua kuwa seli hiyo ni ya mwili wenyewe na kuiacha salama.

Maadui wa mwili nao wamekigeuza kitambulisho hicho kuwa mlango. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hukishika ili kuingia katika chembechembe nyekundu za damu. Virusi vya homa hukishika pia, lakini huchagua.

Asidi sialiki huungana na sukari jirani, galaktosi, ama kwenye kaboni ya tatu ya galaktosi hiyo au ya sita. Virusi vya ndege hupenda muungano wa tatu, ambao umejaa matumboni mwa bata. Katika pua na koo la binadamu, muungano wa sita ndio ulio mwingi. Ule wa tatu hupatikana zaidi ndani kabisa ya mapafu. Ndiyo maana anayevuta virusi vingi akichinja kuku mgonjwa aweza kupata nimonia kali, ilhali kikohozi chake hakiwaambukizi wengine kwa urahisi.

Kinga hiyo si ya kudumu, kwani mabadiliko machache katika protini ya virusi yanaweza kuvifanya vipende muungano wa sita. Nguruwe wana miungano yote miwili, na H5N1 ilipozuka miongoni mwa ng'ombe wa maziwa Marekani mwaka wa 2024, watafiti waliikuta yote miwili katika viwele vyao.

Sukari hiyo hiyo imewapa wataalamu silaha. Virusi vipya vikizaliwa hunasa kwenye asidi sialiki ya seli, hivyo hutumia kimeng'enya kuikata ili viondoke. Dawa ya oseltamivir hukizuia kimeng'enya hicho, na hufaa zaidi ikitumiwa mapema.

Kwa mfugaji, tahadhari ni ile ile: kuku wanaokufa kwa wingi wasichinjwe wala kuliwa, bali afisa wa mifugo aarifiwe mara moja.