Matabishi ya Bel-Air: nani anamlipa mhudumu?

Jioni inapoingia, nganda, yaani baa, za Bel-Air, mtaa ulio katika komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, hutoa viti vya plastiki nje. Michopo ya nyama inachomwa, bia ya Simba inafunguliwa mbele ya macho ya mteja. Mgeni akishalipa, mhudumu habanduki. Anauliza kwa tabasamu: "Patron, unatuacha namna gani?"

Hapo wageni hugawanyika. Mmoja anakasirika, akidhani anaombwa rushwa. Mwingine anaona haya na kutoa noti kubwa kupita kiasi. Wa tatu anaondoka zake, kwa kuwa bili imeshalipwa. Kila mmoja ameamua kwa desturi ya kwao, na desturi hizo zimejengwa na sheria za makwao.

Marekani, sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991. Mteja wa huko anajua kwamba asipoongeza asilimia 15 au 20, amemnyima mtu mshahara. Ufaransa, tangu 1987, malipo ya huduma yamo ndani ya bei iliyoandikwa, kwa hiyo sarafu chache zinazoachwa mezani ni adabu tu. Japani, kumwachia mhudumu fedha kunaweza kumtahayarisha.

Bel-Air haina asilimia iliyokubaliwa. Hesabu yake iko kwingine. Mwaka 2018 serikali ya Kongo iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa faranga 7,075 kwa siku. Kiwango hicho kilibaki palepale hadi 2025, kilipopandishwa kufika 14,500. Katikati ya miaka hiyo faranga ilizidi kushuka: mwaka 2024, dola moja ilipobadilishwa kwa faranga 2,800 hivi, mshahara huo wa siku ulikuwa sawa na dola mbili na nusu. Tena hicho ni kima cha kwenye karatasi, na kazi nyingi za nganda hazina mkataba. Kwa hiyo matabishi, kama bakshishi inavyoitwa hapa, si tuzo ya tabasamu zuri. Ni kipande cha mshahara ambacho mwenye nganda amemwachia mteja akilipe.

Tabia ya kumtazama mwenye uwezo kama mtu wa kuwabeba wengine ina historia Katanga, eneo la Lubumbashi. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, haikumpa mfanyakazi fedha peke yake. Ilimpa nyumba, posho ya unga, hospitali na shule ya watoto. Mwajiri akawa kama mzazi, na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ameyaeleza maisha hayo katika kitabu chake cha 2001 kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga. Gécamines, iliyorithi migodi hiyo, ilipoanguka, mzazi huyo alitoweka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Kaya nyingi zikabaki kuishi kwa vidogo vidogo: kuuza, kubeba, kulinda gari, kuhudumia meza. Anayekuita "patron" anakukumbusha kwamba mwenye kipato hubeba na wengine.

Lakini si kila mkono unaonyooshwa unastahili kujazwa. Lubumbashi hutumia jina hilohilo la matabishi kwa kile anachoombwa mteja wa nganda na kile anachoombwa raia dirishani mwa ofisi. Kuna njia mbili za kuvitenganisha: wakati na mamlaka. Mhudumu anaomba baada ya kazi. Bia umeshainywa, na ukikataa utaondoka salama. Mwenye mhuri anaomba kabla ya kazi, na ukikataa karatasi yako hailali mfukoni mwako. La kwanza ni shukrani. La pili ni hongo, hata likiombwa kwa sauti ya upole.

Mgeni ajue pia kuisoma huduma yenyewe. Chupa tupu zikiachwa mezani, mara nyingi si uchafu; ndizo daftari la hesabu, na zikiondolewa mapema ugomvi wa bili huanza. Mchoma nyama anaweza kuwa na biashara yake pembeni, kwa hiyo ulichompa mhudumu hakimfikii. Toa faranga, maana noti ya dola yenye mpasuko hata mdogo hukataliwa, na sarafu za Ulaya hazina wa kuzibadilisha. Mkabidhi mhusika mkononi badala ya kuacha mezani. Kiasi kiwe cha kawaida: noti chache za faranga 1,000 kwa meza ndogo zinaheshimika kuliko dola 20 za kujionyesha, ambazo huwafanya wahudumu wamkimbilie mgeni na kumsahau jirani wa mtaa anayekuja kila Jumamosi.

Pamoja na hayo, ukarimu wa mteja haupaswi kuwa kisingizio. Kila noti tunayoacha inamsaidia mhudumu leo, na papo hapo inamwezesha mwajiri kuahirisha mshahara wa haki hadi kesho. Tuendelee kutoa, lakini wenye nganda na wakaguzi wa kazi waulizwe swali lilelile analoulizwa mteja: ninyi mnawaachaje wafanyakazi wenu?