Carl Foreman: jina la mwandishi wa filamu hulindwa na nani?

Machi 1958, tuzo ya Oscar ya skripti bora iliyotokana na kitabu ilitolewa kwa Pierre Boulle, mwandishi wa riwaya kutoka Ufaransa. Filamu ilikuwa The Bridge on the River Kwai. Riwaya ilikuwa yake kweli, ila skripti hakuiandika yeye. Waliofanya kazi hiyo ni Wamarekani wawili, Carl Foreman na Michael Wilson, ambao wakati huo majina yao yalikuwa mwiko Hollywood.

Ili kuelewa jambo hilo liliwezekanaje, tutenganishe kwanza kazi za watu. Mwandishi wa skripti hupanga matukio na mazungumzo. Mwongozaji huyageuza kuwa picha. Mtayarishaji ndiye mwenye shughuli: hununua haki za kitabu, husaka fedha, huajiri na hufukuza. Mwandishi akishakabidhi kurasa zake na kulipwa, mwingine anaweza kuitwa kuziandika upya, na mikataba mingi inaruhusu hivyo. Kinachombakia ni jina lake kwenye filamu, na jina hilo ndilo linalomtafutia kazi inayofuata.

Foreman alizaliwa Chicago mwaka 1914, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Urusi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili alishirikiana na mtayarishaji Stanley Kramer, akaandika Champion (1949) na The Men (1950), filamu ya kwanza ya Marlon Brando. Zote mbili zilimfikisha kwenye orodha ya wanaowania Oscar.

Kisha ikaja High Noon. Mlinzi wa sheria wa mji mdogo anapata habari kwamba jambazi aliyemfunga atashuka kwenye treni ya saa sita mchana. Anabisha milango kuomba msaada, na kila mtu ana udhuru wake. Filamu ina urefu wa dakika 85 hivi, na saa za ukutani zinakwenda karibu sawa na saa ya mtazamaji. Hapo ndipo ustadi wa Foreman ulipo: hakuhitaji risasi nyingi kuleta hofu, alihitaji mshale wa saa tu.

Alipokuwa akiiandika, naye alikuwa akiachwa peke yake. Kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka Wakomunisti ilimwita, na Septemba 1951, filamu ikiwa inapigwa, alikwenda mbele yake. Aliwahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, lakini alikataa kuwataja wenzake. Ushirika wake na Kramer ukavunjika, na nafasi ya kutajwa kama mtayarishaji aliyokuwa aipate ikaondolewa. Baadaye alieleza kwamba baadhi ya maneno ya raia waoga wa filamu ile aliyasikia kwa marafiki zake mwenyewe. Jina lake kama mwandishi lilibaki, na Gary Cooper, aliyeigiza mlinzi wa sheria, akapata Oscar ya mwigizaji bora, lakini Foreman alikuwa ameshahamia Uingereza.

Mwaka 1952 hata chama cha waandishi wa filamu kilikubali studio ziondoe majina ya waliokataa kujisafisha mbele ya kamati. Ndiyo maana skripti ya Kwai, ambayo Foreman aliianza na Wilson akaiandika upya, ikapewa jina la mtu wa tatu.

The Guns of Navarone (1961) ilikwenda vingine. Safari hii Foreman aliandika na kutayarisha mwenyewe, na filamu ikawania Oscar saba. Aliyekuwa akitegemea hisani ya wengine sasa ndiye aliyeajiri.

Nafasi hiyo ilimfikisha Kenya. Born Free (1966), kisa cha simba Elsa na akina Adamson waliomlea, ilipigwa huko, Foreman akiwa mtayarishaji mkuu. Skripti ilibeba jina la Gerald L. C. Copley. Kwa kweli aliyeiandika ni Lester Cole, mmoja wa watu kumi wa Hollywood waliofungwa jela kwa kukataa kuijibu kamati. Kampuni ya Foreman ilimpa Cole kazi, lakini jina lake halisi halikuwekwa.

Foreman alifariki Juni 1984. Mwaka uliofuata Oscar ya Kwai ilitolewa kwa mjane wake na mjane wa Wilson, na nakala zilizorekebishwa za filamu sasa zinataja waandishi halisi.

Mwandishi anayeuza skripti leo, Dar es Salaam au Nairobi, hahitaji kuwindwa na bunge ili apotee kwenye kazi yake. Makubaliano ya mdomo yanatosha. Kabla ya kukabidhi ukurasa wa kwanza, mkataba useme jina litaandikwaje, litabaki vipi skripti ikirudiwa na mwingine, na haki zinarudi lini filamu isipotengenezwa. Akiweza, anunue mwenyewe haki za hadithi anayoitaka, kwa kuwa mwenye haki huitwa mezani kabla bajeti haijapangwa.