Mhusika Mwenye Deni la Ng'ombe

Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani, mhusika alipatikana kwa kurusha kete: nguvu zake hizi, akili yake hii, basi. Katika michezo ya aina hii wachezaji huketi mezani, kila mmoja akinena na kutenda kwa niaba ya mhusika wake, naye mwongozaji huwasimulia yanayowakuta. Mhusika katoka kwa nani, kanuni hazikuuliza.

Mwaka 1977 ukaja Traveller. Humo kete zilimpitisha mhusika ujanani, jeshini au kwenye biashara, miaka minne minne, na zikimgeuka aliweza kufa kabla mchezo haujaanza! Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, likamtaka mchezaji aeleze mhusika wake anaamini nini, kafungamana na nani, na ana dosari gani.

Kwenye swali hilo la kufungamana, Mkurya wa Serengeti au Tarime ana hazina. Kwao mtu huzaliwa tayari na historia. Mtoto huingia irikora, yaani kizazi, kinachofuata cha baba yake: kwa mfano, wana wa Saai ni Nyambureti, wa Nyambureti ni Gamunyere, wa Gamunyere ni Maina, kisha mzunguko hurudi kwa Saai. Vizazi vinavyopakana huoneana haya. Babu na mjukuu hutaniana. Wagawie wahusika wanne vizazi vyao, na hata kabla ya kete ya kwanza inajulikana nani atamtania nani, na nani atanyamaza mbele ya nani.

Kuna pia ng'ombe wa mahari. Wale wanaoletwa kwa ajili ya dada mara nyingi ndio kaka anaoolea. Tuseme mchezaji ameandika hivi: Marwa alioa kwa ng'ombe wa dada yake Bhoke, na sasa ndoa ya Bhoke imevunjika. Sentensi moja tu! Lakini inazidi kurasa kumi za yatima anayelipiza kisasi, kwa sababu yatima huyo hana wa kumdai, ilhali shemeji wa zamani anaweza kubisha hodi kikao chochote akitaka mifugo yake. Marwa airudishe na kuiweka ndoa yake mashakani, au amtupe dada aliyemwezesha kuoa?

Mwongozaji mwema humuuliza mchezaji mapema ni ndugu gani waguswe na nani waachwe salama. Mchezaji mwingine atakubali ng'ombe wa Bhoke wadaiwe, lakini si mama auawe.