Uvimbe Katika Mwili wa Punda: Wakati wa Kungoja na Wakati wa Kumwita Daktari

Punda ni tegemeo la kaya nyingi za Afrika Mashariki. Huvuta mikokoteni ya maji na mazao, na katika mji wa Lamu hubeba mchanga na mawe ya ujenzi kupitia vichochoro visivyopitika kwa gari. Mwenye punda aonapo uvimbe asioujua chanzo chake, huwa kati ya hofu mbili: gharama ya matibabu na hasara ya kumpoteza mnyama. Tumeandaa maelezo haya ili kumsaidia kuamua.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba uvimbe si ugonjwa bali ni dalili. Waweza kuletwa na tandiko linalosugua, teke la mnyama mwingine, mwiba, kuumwa na mdudu au nyoka, sindano iliyochomwa bila usafi, ngiri, au tezi zilizoambukizwa chini ya taya. Kwa macho pekee, mambo hayo hufanana.

Mambo ya kuchunguza

Mfunge punda kivulini, umpumzishe, kisha uangalie yafuatayo:

- Uvimbe uko wapi, na una ukubwa gani? Upime kwa uzi ili kesho uweze kulinganisha.
- Je, una joto, au punda hushtuka ukiugusa?
- Ukiubonyeza kwa kidole, shimo hubaki?
- Punda anakula, anakunywa na kutembea kama kawaida?

Ikiwa uvimbe ni mdogo, hauna joto wala maumivu, na punda anakula vizuri, waweza kungoja. Usimpakie mzigo. Kagua tandiko na kamba, na uupime uvimbe kila siku. Usipopungua baada ya siku 3, au ukizidi kukua, mwite daktari wa mifugo.

Usingoje hata siku moja iwapo:

- kichwa, koo au shingo imevimba na punda anapumua au kumeza kwa shida;
- joto la mwili limepita nyuzi 38 za Selsiasi, kwani punda mzima mwenye afya huwa na takriban nyuzi 37;
- amekataa chakula. Punda huficha maumivu, hivyo anayeacha kula huwa mgonjwa kuliko anavyoonekana; tena njaa yaweza kufanya mafuta yajae katika damu yake na kumwua;
- mguu umevimba na hawezi kuukanyagia;
- uvimbe wa kitovuni au kinenani ni mgumu na unamuuma;
- uvimbe umetokea sehemu nyingi kwa pamoja, au unatoa usaha. Huyu mtenge na wenzake;
- kuna jeraha lenye kina, hasa katika kwato. Pepopunda huingia kwa njia hiyo, na taya na miguu ikishaanza kukakamaa, matibabu huwa magumu mno.

Punda akifa ghafla, naye amevimba koo au tumbo, au anatokwa damu puani na katika matundu mengine, usimchune, usimpasue, wala usile nyama yake. Huenda ni kimeta, ambacho huua binadamu pia. Toa taarifa mara moja kwa ofisi ya mifugo iliyo karibu.

Mambo ya kuepuka

Usiutoboe uvimbe kwa kisu wala kuuchoma kwa chuma cha moto. Ulichodhani ni jipu huenda ni ngiri yenye utumbo ndani yake. Vilevile, usinunue dawa ya sindano kwa kubahatisha. Dawa haipenyi kwa urahisi ndani ya jipu lililokomaa, hivyo fedha hupotea na ugonjwa hubaki.

Haki yako unapolipia huduma

Mtoa huduma anapofika, una haki ya kumwomba akuoneshe cheti cha usajili. Muulize ameona tatizo gani, anatoa dawa ipi, kwa kiasi gani na kwa siku ngapi. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi katika chupa, na udai risiti. Ikiwa gharama inakutia wasiwasi, uliza bei kabla ya matibabu kuanza. Aghalabu uvimbe uliotibiwa mapema hugharimu kidogo kuliko ule ulioachwa ukaharibika, na punda aliyepona hurudi kazini.