Etikete ya kahawa: chapa kidogo, usitupe kitu

Ndugu wamemba wa kooperative, pitieni katika depo yenu muhesabu: etikete ngapi zimebaki bila kazi, kwa sababu tarehe iliyochapwa imekwisha pita? Kila moja ililipwa na pesa ya kahawa yenu.

Kuna maneno yasiyobadilika: jina la kooperative, fasi kahawa inatoka (Idjwi, Kalehe ama Kabare), uzito. Hayo mupeleke kwa mchapaji. Tarehe ya kukaanga na namba ya loti zinabadilika kila mara. Ziachieni nafasi tupu, mupige kashe wenyewe siku ya kufunga. Namba ya loti musiizarau. Mnunuzi wa Bukavu akirudisha mfuko wenye kunuka ukungu, mutafungua kitabu chenu na kuona ilikauka siku gani, kwa nani. Bila namba, mutalaumiana wote.

Sasa vipimo, maana hapa njo pesa inapotea. Karatasi ya A4 iko na milimita 210 kwa 297. Etikete za 100 kwa 100 zinaingia 4 tu. Etikete za 105 kwa 99, ambazo ni kubwa kidogo, zinaingia 6! Muacheni ukingo mtupu pembeni, maana mashine haichapi mpaka mwisho wa karatasi.

Rangi moja inatosha, nyeusi ama kahawia nzito. Jua la njano juu ya karatasi ya kaki halionekani, hata ulipe namna gani.

Kwa kuchora, programu ya Inkscape ni ya bure, iko na Kifaransa, na ukishaiweka katika ordinatere haiombi intaneti. Kijana mmoja wa kooperative ajifunze. Faili ya mchoro ikae kwenu. Ikibaki kwa mchapaji peke yake, siku akipandisha bei mumefungwa.

Kuhusu mfuko: dekreti 17/018 ya 30 Desemba 2017 ilikataza sashe za plastiki katika Kongo, ingawa sokoni tunaziona kila siku. Lakini karatasi peke yake haizuii unyevu, na kahawa ya unga inapoteza harufu upesi. Basi mukaange kidogo kidogo, muuze upesi, ama mutumie chupa za kioo zinazorudi. Gundi ya unga wa muhogo uliopikwa inashika etikete vizuri kwenye chupa, na ukiiloweka ndani ya maji inatoka bila kukwaruza. Mupike ya siku moja tu; kesho yake inachacha.