Marekani na Visiwa vya Pasifiki

Wazee wetu waliijua Marekani kwa nguo kabla ya kuijua kwa manowari. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani, na merikebu za mji wa Salem zikaleta nguo ile ya pamba iliyoitwa merikani. Wafanya biashara hao walinunua pembe na sandarusi, wakaenda zao pasipo kutwaa nchi. Lakini katika Bahari ya Pasifiki mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Twataka kuyaeleza, maana wengi husimulia vita vya mwaka 1941 kana kwamba vilianguka kutoka mawinguni asubuhi moja.

Tuanze na Hawaii, iliyokuwa ufalme wenye kujitawala. Wamisionari wa Marekani walifika huko mwaka 1820, wakaiandika lugha ya wenyeji, wakafungua shule, na kwa muda mfupi watu wengi wakajua kusoma. Sisi waalimu twafurahi kusikia habari kama hiyo. Walakini baadhi ya watoto na wajukuu wa wamisionari wale waliiacha kazi ya baba zao, wakawa wenye mashamba makubwa ya miwa, na sukari yao waliiuza Marekani. Malkia Liliuokalani alipotaka katiba mpya ya kumrudishia enzi yake, watu hao na wenzao walimwondoa, Januari 1893, huku askari wa manowari Boston wameshuka Honolulu wenye bunduki. Malkia alikiacha kiti ili damu isimwagike, lakini alisema waziwazi kwamba amedhulumiwa. Aliyeshika serikali mpya alikuwa Sanford Dole, mwana wa mmisionari. Jambo hili halipendezi kuandikwa katika ukurasa kama huu, lakini ndivyo lilivyokuwa. Mwaka 1897 wenyeji wakapeleka Washington barua ya kukataa nchi yao isiunganishwe na Marekani, yenye sahihi zaidi ya 21,000. Mwaka uliofuata ikaunganishwa. Baraza Kuu la Marekani liliomba msamaha mwaka 1993, miaka mia kamili baada ya tendo lenyewe.

Mtu atauliza, kwa nini mwaka 1898? Mwaka huo Marekani ilipigana na Hispania kwa ajili ya Kuba, na tarehe 1 Mei Dewey alizizamisha manowari za Hispania katika ghuba ya Manila, huko Ufilipino. Merikebu za siku zile zilikwenda kwa makaa ya mawe. Na kutoka California hata Manila ni mbali mno, hazina budi kupumzika na kutia makaa katikati ya bahari. Basi Hawaii ikawa kituo cha njiani.

Wafilipino wenyewe walikuwa wakipigana na Hispania, na tarehe 12 Juni 1898 Emilio Aguinaldo alitangaza kwamba nchi yao ni huru. Lakini mwezi Desemba, Marekani na Hispania zilipofanya amani mjini Paris, Wafilipino hawakupewa nafasi ya kuketi mezani. Hispania ikaitoa Ufilipino kwa dola milioni 20, kama mtu auzavyo shamba pamoja na walio ndani yake. Guam na Puerto Rico zikatolewa pia. Februari 1899 Wafilipino wakaanza kupigana na Wamarekani, na vita havikutangazwa kuwa vimekwisha hata Julai 1902. Wamarekani waliokufa walizidi 4,000. Wafilipino waliobeba silaha, zaidi ya 20,000. Na raia waliokufa kwa silaha, njaa na kipindupindu wakadiriwa kuwa 200,000. Katikati ya mambo hayo, Agosti 1901, merikebu Thomas ilileta Manila waalimu wapata 500 wa kufundisha Kiingereza. Bunduki na ubao wa kuandikia vilikuja pamoja.

Sasa, aliyetwaa mali ya mbali hana budi kuilinda. Mwaka 1940 Marekani iliziacha manowari zake kubwa zikae Pearl Harbor, huko Hawaii. Wajapani nao walitaka mafuta na mpira wa Malaya na Indonesia, na Ufilipino ulikuwa ubavuni mwa njia hiyo. Julai 1941 Marekani iliizuilia Japani mali zake, ikaacha kuiuzia mafuta. Tarehe 7 Desemba eropleni za Japani zikapiga Pearl Harbor, wakafa Wamarekani 2,403. Saa chache baadaye zikapigwa Guam na Ufilipino. (Huko kalenda ilikwisha kuandika tarehe 8; waalimu wataweza kuwaeleza wanafunzi sababu yake.) Mahali pote patatu palitwaliwa mwaka ule mmoja, 1898.

Tangu Julai 1941 Rais Roosevelt alikuwa amewaita askari wa Ufilipino waingie chini ya bendera ya Marekani, nao walikubali. Tarehe 9 Aprili 1942 askari wapata 75,000 walijitoa kwa Wajapani huko Bataan, wengi wao Wafilipino. Walitembezwa kama kilometa 100 katika jua kali, na maelfu wakafa njiani. Wenzao wengine walikimbilia milimani, wakapigana kwa siri hata Wamarekani waliporudi Oktoba 1944. Mapema mwaka 1945 mji wa Manila ulipiganiwa kwa mwezi mmoja. Raia wapata 100,000 wakafa, wengi kwa mikono ya Wajapani, wengine kwa mizinga ya Wamarekani.

Ufilipino ulipata uhuru tarehe 4 Julai 1946. Lakini Februari ya mwaka huo huo Baraza Kuu la Marekani lilikuwa limepitisha sheria kwamba kazi ya askari wale isihesabiwe kuwa kazi ya jeshi la Marekani, isipokuwa kwa mambo machache. Rais Truman alitia sahihi, ingawa mwenyewe alikiri kwamba nchi yake yawajibika kuwaangalia. Mwaka 2009 ndipo walipotolewa fedha, mara moja tu: mwenye uraia wa Marekani dola 15,000, asiye nao dola 9,000. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 huko Bataan, mwaka huo alikuwa na miaka 87, kama alikuwa hai.