Ahadi za Serikali Kuhusu Lishe, na Nafasi ya Mlaji

Utapiamlo si njaa peke yake. Mtoto aliyedumaa, mama mwenye upungufu wa damu na baba mwenye kiribatumbo wote wana utapiamlo, na huenda wakaishi nyumba moja na kula sinia moja. Tena, mtoto aliyekosa virutubishi katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi umri wa miaka miwili, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kunenepa kupita kiasi na kupata kisukari ukubwani. Kwa sababu hiyo, Serikali ya Tanzania inayakabili matatizo haya kwa pamoja kupitia Mpango Jumuishi wa Taifa wa Lishe.

Hali ilivyo

Mwaka 2010, watoto 42 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 30. Hayo ni mafanikio, ingawa mpango wa kwanza ulilenga kufikia 28 ifikapo mwaka 2021. Kwa upande wa pili, wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo waliongezeka kutoka 18 katika kila 100 mwaka 2004/05 hadi 28 mwaka 2015/16.

Yaliyoahidiwa

Kwanza, fedha. Kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Wakuu wa mikoa wametia saini mikataba ya lishe, na utekelezaji wake hupimwa.

Pili, urutubishaji wa vyakula. Chumvi huongezwa madini joto. Mafuta ya kula, vitamini A. Unga wa ngano na wa mahindi kutoka viwandani, madini ya chuma, zinki na vitamini.

Tatu, ulinzi wa unyonyeshaji. Sheria humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi isiyopungua siku 84, na akirejea kazini, muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kumnyonyesha mtoto. Kanuni nazo huzuia matangazo ya maziwa mbadala ya watoto wachanga.

Mlaji afanye nini?

Ahadi isiyofuatiliwa hubaki karatasini. Tunamshauri mlaji azingatie haya:

1. Anunue chumvi yenye madini joto na kuihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, ili madini hayo yasipotee.

2. Asome lebo. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Sukari ikitajwa mwanzoni, bidhaa hiyo ina sukari nyingi.

3. Atambue kwamba unga unaosagwa katika mashine za mtaani kwa kawaida hauongezewi virutubishi. Anayesaga huko heri achague dona kuliko sembe, kwa kuwa kukoboa huondoa sehemu kubwa ya virutubishi vya punje.

4. Ahudhurie mkutano wa kijiji au mtaa na kumwuliza diwani wake: zile shilingi 1,000 zilitengwa? Zilitolewa? Zilifanya kazi gani?

Swali hilo la mwisho si utovu wa adabu. Fedha hizo ni za mtoto, na mtoto hawezi kujiulizia. Udumavu ukishapita umri wa miaka miwili ni vigumu mno kuurekebisha; kwa hiyo halmashauri inapochelewa mwaka mmoja, mtoto hupoteza nusu ya muda wake nje ya tumbo la mama.